Hodi Tatu za Giaboksi

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka watu wananitazama. Siku hiyo nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya baba yangu, uani kwa fundi Kondo, kule Temeke. Nimevaa suruali kuukuu ya baba, nimejifunga kitambaa kichwani, na oili inanidondokea shingoni. Ndiyo, mimi huyuhuyu unayeniona na kanga zangu na miwani yangu. Usishangae, hakuna mzee aliyezaliwa mzee.

Tuanze kwenye mzizi. Baba yangu alikuwa karani Kurasini, mtu wa kutoka Tukuyu, mpole wa sauti, lakini akishasema jambo harudii. Alipokaribia kustaafu alinunua shamba Kimbiji, akanunua na pikapu ya zamani ya Kijapani ya kuendea huko. Shamba lilikuwa zuri. Pikapu nayo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe. Kwenye lami ilikwenda vizuri sana. Njia ya shambani lakini ilikuwa mchanga mtupu, na mchanga hautaki gari linalojiamulia mambo. Magurudumu yakizama, baba anakanyaga mafuta, giaboksi inachemka, harufu ya kuungua inajaa njia nzima. Ikachemka hivyo mpaka siku moja ikafa kabisa. Aliyeiunguza ni baba mwenyewe, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kulitamka hilo.

Mimi ndiye niliyemwambia tusitafute otomatiki nyingine, tuweke giaboksi ya gia za mkono. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi ya ofisini sijapata, na kusema kweli sikuitaka. Nilichokitaka kilikuwa kule Kimbiji. Nilikuwa nimepanda matikiti kwa mikono yangu, yananenepa, na ndoto yangu ilikuwa kuyapakia mwenyewe, niyaendeshe mwenyewe mpaka soko la Temeke, na hiyo ndiyo iwe kazi yangu. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sawa, mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita. "Nitalipia hiyo giaboksi. Ila matikiti yakiozea shambani, gari nauza chuma chakavu, na wewe unakwenda Tukuyu kwa shangazi yako. Nimemaliza."

Shangazi yangu alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Lakini huko Tukuyu kulikuwa pia na mchumba niliyekwisha kuchaguliwa, ambaye sikuwahi kuona hata picha yake. Kwa hiyo elewa, mwanangu, chini ya pikapu ile sikuwa natengeneza gari tu. Nilikuwa natetea maisha yangu.

Mafundi wengi walinikatalia. Walisema gari lililozaliwa otomatiki linakufa otomatiki. Kondo peke yake ndiye aliyefungua boneti, akaitazama injini kwa muda mrefu, akakuna kidevu. Alikuwa Mzaramo, amenizidi miaka michache, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba ya mama yake, Bi Sikudhani.

"Sista, injini hii ina ndugu zake wanaotumia manyuo, hizo gia za mkono," akaniambia. "Tukipata giaboksi ya ndugu yake, itakaa tu. Ila kazi ipo."

"Na mimi nitafanya na wewe," nikamwambia. "Sikai kwenye benchi."

Alicheka, akanipa spana. Vijana wa kijiweni pale jirani ndio waliopata burudani. Kila nikipita wanauliza kama natafuta fundi wa gari au fundi wa kunioa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilikuwa nawajibu, tena vibaya, maana ulimi wangu wa wakati ule haukuwa na breki, kisha narudi chini ya gari.

Giaboksi tuliipata kwenye spea zilizotumika, nzima, chafu kama sufuria ya msibani. Tukashusha ile iliyoungua. Tukafunga pedeli ya klachi pale ambapo hapakuwahi kuwa na pedeli, tukafunga na klachi yenyewe. Shafti ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma tukaipeleka kwa mchomeleaji akaikata urefu mpya. Kila kitu kilikubali. Nikaanza kujiona fundi, na mwanangu, mtu akianza kujiona ndipo anapoacha kuona vingine.

Ikaja siku ya kuipandisha giaboksi. Sikia ilivyo, si vigumu kuelewa. Giaboksi ina chuma kirefu kinachochomoza mbele. Chuma hicho kinapita katikati ya klachi, kisha ncha yake inakwenda kutulia kwenye kitundu kidogo kilichopo mwisho wa injini. Kikishatulia, giaboksi na injini vinakutana uso kwa uso, unafunga bolti, basi. Tukaiinua kwa jeki, tukaisukuma. Ikaingia vizuri, ikaingia, halafu ikasimama. Ukabaki mwanya wa upana wa kidole kati yake na injini. Tukaitikisa, tukaizungusha kidogo, tukasukuma tena. Mwanya haukusogea hata unywele.

Na asubuhi ile ile mlinzi wa shamba alikuwa amenitumia habari kwamba matikiti yameiva kupita kiasi, mengine yameanza kupasuka.

Nikamwambia Kondo tuchukue bolti ndefu, tuzipitishe pande zote, tukaze, giaboksi itavutwa ijikute imefika yenyewe. Kondo akasita. "Giaboksi haivutwagi hivyo, sista. Hii inaingia kwa mkono." Nikamwambia mkono umeshindwa, anataka nikaolewe Tukuyu kwa ajili ya kidole kimoja? Naye alikuwa amechoka, jasho limemlowesha, akanyoosha mkono akanipa hizo bolti. Nikazitia. Nikakaza. Mwanya ukaanza kupungua kidogo, nikafurahi, nikakaza tena. Chuma kikalia kwa sauti nyembamba, ya kuumiza meno.

"Nyie! Mnavunja nini huko?"

Alikuwa Bi Sikudhani, amekaa kwenye mkeka barazani na ungo wake, anachambua mchele. Tulikuwa tumemsahau kabisa.

"Hatuvunji, mama," Kondo akajibu. "Giaboksi inagoma kuingia."

"Mmeibishia hodi?"

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikatoa kichwa chini ya gari. "Bibi, hii ni giaboksi, si nyumba."

"Nimeuliza mmeibishia hodi ngapi."

Kondo akaanza kutabasamu. "Tumeisukuma mara nyingi, mama. Tano, sita."

"Haya. Hodi ni tatu, Kondo, mie nimekulea hapa hapa. Ukibisha mara tatu mwenye nyumba yuko kimya, unafanyaje?"

"Narudi, mama."

"Unarudi. Huvunji mlango. Sasa huyu binti wa watu mbona anavunja?" Akanigeukia mimi. "Kwenu hampigi hodi, mwanangu? Mnaingia tu?"

Mwanangu, nilikasirika! Mtu ana matikiti yanapasuka, ana shangazi anamsubiri, anaambiwa habari za hodi. Nikamwambia, kwa adabu iliyobaki kidogo sana, kwamba ndani ya injini hamna mwenye nyumba.

Bi Sikudhani akapepeta mchele wake, hata hakunitazama. "Kama hamna mtu ndani," akasema, "ni nani anayewazuia?"

Nilimwona Kondo akilitafuna neno lile. Tabasamu likamtoka usoni. Akaja akaichukua spana mkononi mwangu bila kuniuliza, akalegeza bolti moja baada ya nyingine, akaishusha giaboksi mpaka chini. Mimi nilikaa pembeni kwenye tairi, machozi yananilenga, naona Tukuyu inakaribia.

Kondo akachukua tochi, akamulika kile kitundu cha mwisho wa injini. Akaguna. Akaniita nitazame.

Ndani ya kitundu kulikuwa na kipande cha chuma, mviringo kama pete nene. Kilikuwa cha ile giaboksi ya otomatiki. Yenyewe tulishaishusha siku nyingi, lakini kipande chake kilibaki pale, kama mpangaji aliyehama akaacha kabati lake mlangoni. Ncha ya giaboksi yetu ilikuwa inagonga hapo kila tulipoisukuma. Tena Kondo akanionyesha sikio la giaboksi, ile pembe yenye tundu la bolti, pale nilipokuwa nakaza kwa nguvu zangu zote. Palikuwa pameanza alama nyembamba. Mizunguko michache zaidi ya spana, sikio lingekatika, na giaboksi nyingine kama ile hatukuwa nayo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilinusurika kuvunja sikio.

Tulikitoa kile kipande taratibu, tukakigongagonga mpaka kikakubali. Mahali pake Kondo akaweka beringi ndogo, ile inayotakiwa na gia za mkono. Kisha tukaipandisha giaboksi tena. Ilipokaribia, Kondo akanikonyeza, akapaza sauti:

"Hodi!"

Bi Sikudhani kule barazani, bila kuinua macho kwenye ungo, akaitikia, "Karibu!"

Tukasukuma kwa mikono mitupu. Giaboksi ikateleza ndani, ikatulia usoni mwa injini kwa mlio mmoja mzito, mtamu. Hakuna mwanya. Hata karatasi isingepita. Nilipiga kigelegele pale pale nilipolala, chini ya gari, na kijiweni wakaja mbio wakidhani nimeangukiwa.

Gari halikuwaka mara ya kwanza, nikuambie ukweli wote. Kumbe gari la otomatiki haliwaki mpaka gia iwe mahali pake maalumu, na pikapu yetu bado ilikuwa inaisubiri gia ambayo haipo tena. Safari hii hakuna aliyelazimisha kitu. Kondo aliufuata waya taratibu mpaka akaupata unaozuia, akauunga ipasavyo. Likanguruma. Nikaenda kwa Bi Sikudhani na mikono yangu yenye grisi, nikapiga magoti pale kwenye mkeka. "Shikamoo, bibi," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Marahaba, mwanangu. Nenda kachukue matikiti yako."

Nikaenda. Baba alikaa kiti cha pembeni, amevaa kofia yake ya kanisani. Tukapakia matikiti, yale mazima, mpaka pikapu ikachuchumaa. Kisha ukaja ule mwinuko wa mchanga unaotoka shambani, palepale ilipofia otomatiki. Vibarua wa shamba walikwisha kujipanga nyuma, tayari kusukuma kama walivyozoea. Nikatia gia namba moja. Nikaachia klachi polepole, sikukanyaga mafuta kwa pupa. Nikalisikiliza gari likiung'ata mchanga kidogo kidogo. Baba alishika mlango kwa mikono miwili. Tukapanda. Nilipotazama kwenye kioo, wale vibarua walikuwa mbali chini, wanarusha kofia zao juu, na mimi nalia huku nacheka huku naendesha. Raha niliyoisikia mlimani pale sijawahi kuisikia tena, na nimezaa watoto.

Tukapita Kongowe, tukapita Mbagala, tukaingia soko la Temeke mchana kweupe. Wachuuzi waliponiona nashuka upande wa usukani walishangaa, wakauliza gari la nani, dereva yuko wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Baba alishuka taratibu, akazunguka nyuma, akaigusa pikapu ubavuni. Kisha akachagua tikiti moja kubwa kuliko yote, akaliweka pembeni.

"Hili usiuze," akaniambia. "Tutamtumia shangazi yako, maana wewe huendi."

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu nawaona nyie vijana mnavyohangaika na milango. Kazi imekataa, mnakaza. Mtu hakutaki, mnakaza. Biashara inalia kwa sauti ya kuumiza meno, nyie mnaongeza spana. Sikuambii uache unachokitaka. Mimi sikuacha, na mchumba wa Tukuyu akaoa mtu mwingine, Mungu awabariki. Nakuambia bisha hodi zako tatu kwa adabu na kwa nguvu zako zote, lakini ukiona kimya, usivunje. Rudi. Kurudi si kushindwa, ni kazi, tena pengine ndiyo kazi yenyewe. Shuka chini, washa tochi, utazame ni nini kimekaa mahali pako. Mara nyingi ni kitu cha zamani ulichodhani umeshakitoa: hasira ya mwaka juzi, aibu, tabia uliyotoka nayo ulikotoka. Kitoe, ndipo urudi mlangoni. Na anayekukemea ukiwa na haraka, hata kama hajui kazi yako, msikilize kabla hujamjibu. Mimi nilimjibu kwanza, na kidogo ningejuta.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie milango iliyo yako, na ile isiyo yako akupitishe mbele yake salama. Akupe mikono yenye nguvu na moyo wenye subira. Na siku utakapofika sokoni na mzigo wako, umetoa jasho lako mwenyewe, awepo mtu unayempenda amesimama hapo, akuone.