Dakika Kumi Kabla ya Kuondoka

Mke wangu alikuwa akiwasha gari saa kumi na mbili asubuhi, kisha anakaa ndani dakika kumi nzima bila kuondoka. Nilipomuuliza, alijibu, "Injini inatetemeka ikiwa baridi. Lazima niipe muda." Ilikuwa hivyo miezi mitano ya mwisho ya maisha yake. Yeye ndiye aliyekuwa dereva nyumbani kwetu, nje ya Kitale, akipeleka kabichi na karoti za shamba letu soko la Kamukuywa. Mimi najua jembe na ng'ombe. Gari huliendesha nikilazimika tu.

Alianguka sokoni siku ya Jumatatu akipanga kabichi. Hakuamka tena.

Huku kwetu, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa karibu husimama akaeleza ugonjwa ulivyoanza mpaka ulivyokwisha. Nilisimama mimi. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele na watu wake waliotoka Bungoma. Nikasema, "Hakuugua. Aliondoka nyumbani akiwa mzima." Nilirudia mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri.

Gari tulikuwa tumeliingiza kwenye stoo ya mahindi ili mahema yapate nafasi uani. Likakaa humo miezi mitatu, kwa sababu sikutaka kusikia mngurumo wake. Halafu akapatikana mnunuzi kutoka Lwakhakha, nikaenda kuliwasha. Likatetemeka mpaka vioo vikalia. Baada ya muda likatulia. Sitaficha: nilifurahi. Nilijiambia, kumbe alikuwa akisema kweli.

Nikalipeleka kwa fundi wake Bungoma, mwanamume mnene aliyesoma naye shule ya msingi.

"Pole, shemeji," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Sasa zima. Injini ikiwa moto inadanganya. Enda ukule kwanza."

Nilikula, nikarudi, nikakaa kwenye tairi kuukuu. Saa tisa boneti lilikuwa limepoa. Akawasha, na gari likaanza tena kutetemeka. Akachomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine, akiurudisha kila mmoja. Kila alipochomoa, mngurumo ulidhoofika.

"Zote nne zinafanya kazi. Plagi si shida."

Kisha akachukua chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko, akawa anarushia maji mipira ya hewa, mmoja mmoja. Alipofika kwenye mpira mwembamba ulio nyuma ya injini, mtetemeko ukakoma ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Maji yakanyonywa, mtetemeko ukarudi.

"Hapa. Mpira umetoboka, inavuta hewa ya wizi."

Akazima, akauvuta ule mpira. Ulitoka pamoja na maganda ya mahindi na manyoya ya kijivu.

"Shemeji! Unafuga gari ama unafuga panya? Ati wamejengea bibi zao nyumba!"

Mwenye duka la jirani akacheka. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Si zamani," fundi aliendelea, akinionyesha alama za meno. "Mpira ni mpya. Wamekula juzi juzi tu."

Nikamwambia hapana, shida hii ilikuwa ya miezi mingi, yeye mwenyewe aliilalamikia kila asubuhi.

Fundi akaacha kupangusa mikono. "Nani alilalamika?"

"Mke wangu."

"Mpira huu niliweka mimi nikifanya service tu, mwezi mmoja kabla atuache. Asubuhi, injini ikiwa baridi, niliweka kikombe cha chai hapa juu, haikumwagika hata tone. Tulicheka na yeye. Hajawahi niambia gari inatetemeka, bana. Haikuwa inatetemeka."

Nilishika ukingo wa gari. Mambo yakanijia yote kwa pamoja. Kiti alichokirudisha nyuma akalala nusu. Vidonge vya kiungulia mlangoni mwa gari, ambavyo nilivitupa pamoja na risiti. Mkono wa kushoto aliokuwa akiusugua jioni, akisema ni uzito wa magunia. Hakuwa akiingoja injini. Alikuwa akingoja kifua kiache kuuma ndipo aweze kuendesha.

Na kuna jambo lingine, baya kuliko hayo. Dirisha la jikoni lilikuwa hatua nane kutoka kwenye gari. Asubuhi zote zile niliisikia injini, na ilikuwa sawa. Niliisikia ikiwa sawa, nikaendelea kunywa chai.

Sikurudi Kitale. Fundi alipomaliza kufunga mpira mwingine, nilikwenda kwa mama mkwe, karibu kilomita mbili nje ya mji. Kwa desturi yao, mkwe mwanamume hakai chumba kimoja naye. Kwa miaka kumi na tisa tumezungumza yeye akiwa jikoni, mimi sebuleni, mlango ukiwa wazi kati yetu. Nikaketi mahali pangu.

"Mama, siku ile kaburini nilisema uongo."

Sufuria zikanyamaza. Nikamweleza mambo yote: kiti, vidonge, mkono, kikombe cha chai, na dirisha.

"Ulisikia gari iko sawa?" aliuliza kutoka jikoni.

"Nilisikia."

"Na hukutoka uangalie mtoto wangu?"

"Sikutoka."

Kisha nikasikia ndara zake zikikokota sakafuni. Aliingia sebuleni, akasimama mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Niliinuka, macho chini. Niliona vidole vyake vya miguu, vina majivu.

"Twende nje. Washa hiyo gari."

"Mama?"

"Washa. Nisikie venye wewe ulikuwa unasikia."

Nikaenda nikawasha. Injini ikanguruma sawasawa, bila kukatika. Yeye alisimama kando ya mlango wa dereva, kiganja kikiwa juu ya paa la gari, kichwa amekiinamisha, akisikiliza. Nilipopeleka mkono kwenye ufunguo ili nizime, alisema, "Bado."