Hodi kwenye Chumba cha Ubani

Siku yangu ya kwanza kama karani wa sensa, msimamizi wetu wa Kisauni alitukataza swali moja. "Msiulize kama nyumbani mna mlemavu," alisema. "Wataapa hayupo, na kwa wanavyoona wao, hawadanganyi. Ulizeni nani anaona shida kutembea, kisha tajeni viwango."

Viwango vilikuwa vinne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Ulemavu, kwa hesabu yetu, haukuwa mguu uliokatwa. Ulikuwa kiasi cha lile linalomshinda mtu. Na aliyehesabiwa ni kila aliyelala nyumbani humo usiku wa sensa.

Wiki hiyo nilifika kwa Bi Mwanaisha, mjane mwenye nyumba ya zamani njia ya Utange. Baada ya shikamoo na marahaba akanikalisha ukumbini. Mlango wa mwisho ulikuwa na komeo kwa nje, na mbele yake chetezo kikifuka ubani. Akanieleza kuwa chumba hicho ni cha majini wa marehemu mumewe, hakiingiwi.

Nikaanza na yeye mwenyewe. Nilipotamka "hawezi kabisa," ukuta ukagongwa. Bi Mwanaisha akapaza sauti kuwa hana shida. Nikauliza kuhusu binti yake mkubwa, kisha wa pili. Hawana shida. Lakini kila nilipofika kiwango cha mwisho, ukuta uligongwa.

"Andika uende, mwanangu," alisema. "Majini hawahesabiwi na serikali."

Sikuwahi kusikia jini anayengoja swali liishe ndipo ajibu. Nikasimama mbele ya chetezo, nikapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti ya kike, chini kabisa, karibu na sakafu.

Bi Mwanaisha akanishika mkono. "Wallahi nakuomba. Dada zake wameposwa. Huyu akijulikana, nani atawaoa?"

"Mama," sauti ikasema, "redioni wamesema kila aliyelala ataandikwa. Mimi nimelala wapi?"

Nikamweleza mama kuwa majibu ya sensa ni siri. Akaniachia mkono, akafungua komeo.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, nywele zimesukwa vizuri, amelala mkekani na mchi mkononi. Alijibu kila swali. Tulipofika kwenye kutembea, aligonga ukuta kwa ule mchi, akacheka. Nyuma yetu mama aliendelea kutia ubani mlangoni, kana kwamba chumba bado kimefungwa.

Nilifanya kazi hiyo Changamwe, kisha Likoni, hadi nikastaafu. Takwimu zikitangazwa, watu husema walemavu ni wachache kwetu. Mimi hukumbuka milango. Nikipita nyumba inayonukia ubani mchana, husimama kidogo dirishani, nikatamka polepole, "Hawezi kabisa," nikasikiliza.

Mara nyingi hajibu mtu. Mara nyingi.