Kiuno Changu na Watu wa Droni

Ulikuwa ule mwaka tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu bei ya unga hapa Molo haikushikika. Kampuni ya kuunda droni za kunyunyizia mimea dawa ilipanua kiwanda chake huko Nakuru ikaandika vijana wengi, mjukuu wangu akiwa mmoja wao. Nilijivunia sana, mpaka siku aliponiletea bosi wake shambani pamoja na mtu wa kamera.

"Mathe, beba ile pampu yako ya dawa, uiname, ushike kiuno," bosi akasema. "Watu waone vile mlikuwa mnateseka kabla yetu."

Pampu hiyo nimeibeba mgongoni tangu ujana. Ndiyo ilimsomesha mama ya huyo mjukuu wangu.

"Kiuno hakiniumi, na sitakishika," nikamwambia.

Akacheka. "Ni picha tu, mathe."

"Basi mwite mama yako ainame."

Mjukuu akanivuta kando, macho yamejaa machozi. "Shosho, tafadhali. Nimeandikwa juzi tu, na ni mimi nilimwambia utakubali."

Nilimpangusa uso kwa leso yangu. Halafu nikamgeukia bosi.

"Kiuno hakiniumi, na sitakishika."