Jina la Kishimo cha Shavu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya wazazi, niliingia darasani kwa binti yangu katika shule ya viziwi mjini Bukoba. Mimi si kiziwi; lugha ya alama nilijifunza peke yangu nyumbani Buganguzi, kwa video za simu, na ni mimi niliyempa jina lake la alama: kidole kwenye kishimo cha shavu.

Mwalimu wake, kijana kiziwi, alisimulia kisa kwa mikono, kisha wanafunzi wakakiandika kwa Kiingereza. Binti yangu alijaza ukurasa mzima. Mimi nilimkaririsha maneno ya Kiingereza kwa miaka, na hakuwahi kutunga hata sentensi moja. Halafu mwalimu akamwita kwa jina jingine: kalamu nyuma ya sikio. Akaitika upesi, akicheka. Niliona wivu.

"Jina nililokupa umelitupa?" nilimuuliza kwa alama.

"Mikono yako ina kigugumizi, baba," alinitania. "Hapa viziwi ndio wanaopeana majina. Lile lako sijamwonyesha mtu."

Mwalimu alikuwa akitutazama. Nilimpa mgongo ili asione, ndipo nikagusa shavu langu, kumwita binti yangu.