Mama Aliyeezua Paa Masika

Kwa miaka miwili nilifundisha Kiswahili watu wazima pale Geita, saa kumi alasiri, watoto wa shule ya msingi wakishaondoka na kutuachia madawati yao mafupi. Wanafunzi wangu walikuwa saba, wote wakijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa mama wa Kisukuma wa miaka hamsini na kidogo, aliyepikia wachimbaji wadogo chakula kule machimboni. Alifika kila siku khanga ikinukia moshi wa kuni, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nilimkatalia mara nyingi. Ningeweza kuwa bintiye.

"Humu ndani namwamkia mwalimu," alinijibu. "Tukitoka nje utaniamkia wewe."

Na kweli, tukivuka tu kizingiti nilisema shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya kutosha kusikika barabarani.

Kusema kweli, kazi ile niliionea haya. Wenzangu niliosoma nao chuo walikuwa wakituma picha za ofisi zenye viyoyozi. Siku moja waliponiuliza niko wapi, niliandika kwenye kundi letu la simu: "Niko Geita, mambo ya mgodini." Wakanipongeza. Nusu ya darasa langu walitoka machimboni, kwa hiyo nilijiambia kwamba sikudanganya. Nikaacha hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunachambua hadithi fupi ya zamani. Ndani yake yumo mwanamke mwenye nyumba ya nyasi, nzuri, isiyovuja. Dada yake anatuma habari kwamba atakuja kumtembelea. Mwanamke anatazama bati la jirani linavyometameta, anaona aibu, anamshurutisha mumewe aezue nyasi zote ili waezeke bati kabla mgeni hajafika. Paa likiwa limeshashuka, mvua inamwagika siku tatu mfululizo. Magunia ya mtama yanaota, vitanda vinalowa. Wanakimbilia kwa jirani, na huko wanakuta masufuria yametandazwa sakafuni: lile bati linalong'aa linavuja miaka yote.

Niliandika ubaoni dhamira kuu: majivuno na kutoridhika. Nikataka mifano kutoka kwenye hadithi.

Yule mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo ni mambo mawili. Mbona umeyafunga kamba moja?"

"Yanakwenda pamoja, mama."

"Hayaendi. Mimi siridhiki. Ningeridhika ningekuwa nimekaa jikoni kwangu, nisingekuja kubana magoti kwenye dawati la mtoto. Nina majivuno?"

Mchimbaji mmoja aliyekaa dirishani akadakia, "Na sisi tungeridhika, Geita hii ingekuwa pori mpaka leo."

Darasa likacheka. Nikauliza, basi kosa la mwanamke huyu ni nini?

"Kutaka bati si kosa," yule mama alisema, akiihesabu hoja yake kwa vidole. "Angeezua kiangazi, tungemwita mama wa maendeleo. Ila yeye hakutaka bati kwa ajili ya kulala pakavu. Alitaka dada yake alione. Ndiyo maana hakuweza hata kungoja masika yaishe."

Sikuwa na jibu hilo kwenye maandalio yangu ya somo. Nilikuwa nimeanza kufuta neno "kutoridhika" ubaoni pikipiki iliposimama nje.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Mchana ule rafiki yangu wa chuo alikuwa amenipigia simu. Alikuwa anakwenda harusini Ushirombo, gari lao litapumzika Geita, nimwelekeze ofisini kwangu anisalimie. Nikamwambia niko kwenye kikao kirefu, nikazima simu. Sikujua kwamba yeye si mtu wa kukata tamaa. Alishuka stendi, akawaonyesha vijana wa bodaboda picha yangu. Kijana wa kwanza kuitazama alikuwa mwanafunzi wangu, amechelewa kipindi.

"Huyu mwalimu wetu!" akamwambia. "Panda."

Wakaingia wote wawili. Rafiki yangu, amevaa suti ya rangi ya maziwa iliyokwisha kupata vumbi jekundu, akatazama ubao, akatazama watu wazima waliobanwa kwenye madawati, akanitazama mimi.

"We mwanamke," alisema, "mgodi wenyewe ndio huu?"

Masikio yaliniwaka. Nikaona hakuna mlango mwingine wa kutokea. Nikasema, "Sifanyi kazi mgodini. Nafundisha hawa. Niliona haya kuwaambia."

Yule mama akaguna taratibu, kisha akapasuka kicheko mpaka akashika dawati. "Kumbe mwalimu naye ameezua!"

Walicheka wote, nami nikajikuta nacheka, machozi yakinitoka. Rafiki yangu hakuelewa, ikabidi asimuliwe hadithi tangu mwanzo. Alipoielewa akavuta dawati, akakaa, akaanza kumtetea dada mgeni, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Nani alimuuliza kama anajali bati? Labda alimkumbuka tu ndugu yake. Waliendelea kubishana mpaka kondakta akampigia simu kwamba gari linaondoka. Mlangoni alinikumbatia, akaninong'oneza, "Mimi nilikuja kukuona wewe."

Usiku ule niliwaandikia wenzangu ukweli kwenye kundi. Wawili waliniuliza kama tunahitaji vitabu. Waliobaki walituma vikatuni vya kucheka, wakarudi kwenye habari za mpira.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, yule mama alipata C ya Kiswahili. Nilikasirika. Nilisema mtu mwenye kichwa kama kile alistahili A, nikataka kujua kama anaweza kuomba karatasi zake zisahihishwe upya. Yeye alikuwa ameshanunua kreti la soda kwa ajili ya darasa zima na alikuwa anafungua chupa moja baada ya nyingine.

"Wabeja, mwalimu, ahsante sana," alisema, akinipa ya kwangu. "Kunywa kwanza. Mwakani narudia, lakini leo tunakunywa."