Aliuliza Moyo, Nikajibu Kitenge

Aibu hii ni yangu na siikatai, na afadhali muisikie kwa mdomo wangu kuliko kwa wifi zangu, ambao kila wakiisimulia wanaitia chumvi mpaka naonekana kichaa kabisa.

Mnajua mimi nauza vitenge hapa sokoni Bunia, na mali yangu naifuata Aru, mpakani, ambako wafanyabiashara wa Uganda wananiita "mai frendi" nami nawajibu "lasti praisi", na kwa maneno hayo (pamoja na "gudi", "no gudi" na mengine machache ya sokoni) nikajikuta nina sifa nyumbani kwetu ya mtu anayejua Kiingereza. Sikuwahi kuikana. Sifa ya bure nani anaikataa?

Basi mdogo wangu Dieudonné, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akampenda Neema, binti aliyefiwa na baba, na mwenye kauli ya mwisho juu yake alikuwa tonton wake, yaani mjomba, mwalimu mkuu mstaafu wa Arua, ng'ambo ya mpaka, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Alikuja Bunia kutusikiliza tu, kesho yake anarudi, na akisema hapana, Dieudonné ameshamkosa Neema. Neema mwenyewe alikuwa jikoni na shangazi yake, mwenye nyumba, maana binti haonekani kabla hajaitwa. Shangazi akachungulia, akauliza kama akae atutafsirie. Nikamjibu, tena kwa madaha, "Mama, enda tu upike. Miye niko."

Balaa lote lilianzia hapo.

Tukaketi, wanawake wote wa kwetu tumevaa sare niliyoichagua mimi. Mzee akakohoa, akamtazama Dieudonné, akatoa sentensi ndefu ambayo ndani yake nilishika neno moja tu, motive. Moyo ukatulia. Motif! Neno hilo nalisikia kutwa nzima, mteja hajafika mezani keshauliza "Mama, motif gani?", yaani michoro ya kitambaa. Nikasema moyoni, mzee ana macho, ameipenda sare yetu. Dieudonné alikuwa anafungua mdomo, nikamwashiria anyamaze, hili ni la kwangu, nikainuka, nikageuka kidogo aone na mgongo, na kwa Kiingereza changu cha Aru nikamweleza kwamba motive yetu ni moja familia nzima, tumeichukua sokoni, hata ukifua haitoki, na jina lake (mnaijua, ile ya ndege wanaotoka kwenye kizimba) ni "Ukitoka, na mimi natoka".

Mzee akavua miwani. (Baadaye niliambiwa alichosikia: kwamba kijana wetu anaoa kwa nia ya kwamba siku mke akitoka nje ya ndoa, na yeye atatoka, na kwamba ukoo mzima tumekubaliana hivyo.) Akauliza tena, polepole, kama anayemsaidia mwanafunzi mzito, na safari hii nikashika neno lingine, motivation.

Hilo ndilo Bunia nzima tunalijua! Motivation ni kile unachompenyezea mtu wa ofisini ili faili yako itembee. Nikamnong'oneza baba mukubwa, msemaji wetu, kwamba mzee anataka motivation. Hakushangaa hata kidogo. "Miye nilijua," akasema, "kumbe hata kule iko vile vile." Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka kwenye goti la mzee, na kumkonyeza.

Mzee akaishika bahasha kwa vidole viwili, akaiweka mezani, akachukua kofia yake na kusimama. Nilimtazama Dieudonné, uso umemwisha rangi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilielewa kwamba nimeharibu bila kuelewa nimeharibu nini.

Neema akatoka jikoni bila kuitwa, mikono imejaa unga. Akasema na mjomba wake, kisha akanigeukia huku anajizuia kucheka.

"Yaya Mado, tonton hakuulizaka kitenge. Aliuliza moyo. Motive ni kitu yenye inakusukuma ndani ufanye jambo. Na motivation ni ile nguvu ya kuendelea nayo. Aiko makuta, aiko feza ya bahasha."

Baba mukubwa akairudisha bahasha mfukoni, akaanza kuangalia dari.

Swali likarudi kwa mwenyewe: kwa nini anamtaka Neema? Dieudonné akatazama chini, akatazama wale ndege kwenye kitenge changu, akasema, "Umuambie tonton, yaya hakudanganya. Neema akitoka, na miye natoka. Kwenye atakwenda, nitakwenda."

Neema akaanza kutafsiri maneno ya kuombwa yeye mwenyewe, na katikati akajifuta macho kwa mikono ile ile ya unga. Mzee alisubiri mpaka akamaliza. Akaweka kofia chini, akanisogelea, akashika pindo la kitenge changu kwa vidole vile viwili, akaniuliza kitu cha Kiingereza ambacho, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nilikielewa chote.

"Lasti praisi?"

Siku ya harusi pande zote mbili zilivaa ndege wale. Neema sasa ni wifi yangu, na kila akipita mezani kwangu ananiuliza motive yangu leo ni gani, na wateja wanacheka. Mimi nimeapa: Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Ukiniuliza kingine chochote, nitamwita Neema, hata kama yuko jikoni.