Kamba ya Rasini

Leo fundi alichovya mpira wa ndani wa gurudumu kwenye karai la maji. Harufu yake ikanirudisha rasini, ile ncha ya nchi iliyoingia ziwani, kwenye uwanja wa watu wote tulikoogelea kila Jumapili.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa akielea juu ya mpira wa ndani wa lori. Mimi nilikaa jiweni nimeshika kamba ya mpira huo, kama wadogo wote walivyofanya, ili upepo usiwachukue wakubwa wao.

Mara tukaona mtoto tusiyemjua akisukumwa na upepo kuelekea katikati ya ziwa, amekumbatia bidoni, dumu tupu la maji. Yaya akapiga maji kwa mikono kumfuata. Kamba ikakazika.

“Achilia!”

“Hapana, yaya! Mama alikataza!”

“We muoga, achilia! Kamba iko mufupi. Mi nitarudi.”

Niliachilia. Ninapoandika haya, nimeifuta sentensi hiyo tangu asubuhi, na kila mara nairudisha.

Wavuvi waliuleta mpira ufukweni. Juu yake alikuwa yule mtoto tu, akitetemeka.

Mama alikuwa amefika, ameshika kitenge kikavu alichomletea yaya. Alilitazama ziwa mpaka wavuvi wakainamisha vichwa. Kisha akakikunjua.

“Kuja, mwanangu,” akamwambia mtoto wa watu. “Baridi iko mingi.”